UZI: Jinsi stesheni ya Bank pale London ilivyojengwa upya chini ya ardhi huku treni zinapita na abiria wanapanda kila siku

mzee_wa_shifti (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jumapili, na wakubwa wote humu shikamooni. Kuna mdau kwenye ule uzi wa SGR aliuliza swali likanikaa kichwani mpaka leo, kwamba stesheni ikishakuwa ndogo na watu wamejaa mpaka mlangoni, unaipanuaje bila kuwafukuza abiria? Nilimwambia ntaleta uzi. Leo sina shifti, chai ipo mezani, ngoja nishuke nao.

Mimi Bank napita tangu 2013, ni katikati kabisa ya London, kule kwenye mabenki. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi sanifu wa majengo Morogoro, zege na nondo nazijua, kwahiyo ile miaka yote ya ujenzi sikupita pale kama abiria tu, nilikuwa nachungulia kila tundu la uzio na nikirudi nyumbani nasoma nilichokiona.

Kwanza muelewe Bank ni kitu gani. Usidhani kuna mtu alikaa mezani akaichora yote. Ni stesheni za laini kadhaa za treni zilizokutana chini ya ardhi kwa nyakati tofauti. Waterloo & City ilifika 1898, Northern na Central zote 1900, DLR, ile reli nyepesi, ikaja 1991, na pembeni kuna Monument ya District na Circle ambayo ipo tangu 1884 ila ikaunganishwa na Bank kwa ngazi za umeme mwaka 1933. Enzi hizo kila kampuni ilichimba kivyake ikifuata barabara ya juu ili isije ikadaiwa hela na wenye majengo, ndo maana majukwaa ya Central pale yamepinda kama upinde na ukisimama mwisho mmoja huoni mwisho mwingine. Ukiingia mara ya kwanza ni kama mgeni aliyeachwa peke yake kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, unafuata kibao mpaka unarudi ulipoanzia.

Sasa ugonjwa wenyewe ulikuwa Northern. Ina majukwaa mawili, moja treni zinaelekea kaskazini na jingine kusini, yote membamba, ya zama za 1900, na katikati yake vijia vidogo vya kupenyea. Alafu watu wanaotoka DLR kwenda Central, wanaotoka Monument, wanaoshuka Northern yenyewe, wote wanabanana humohumo. Asubuhi ilikuwa kuna siku unazuiwa juu usiteremke mpaka chini pawe na nafasi, maana chini watu wamesimama hatua moja kutoka kwenye reli.

Na hapa ndo pagumu. Huwezi kupanua handaki kwa upande kama unavyovunja ukuta wa sebule. Handaki ni bomba, udongo na majengo ya juu yameegemea duara lile, ukilikata ovyo umeita msiba. Na huwezi kulifunga kwa miaka kwa sababu hao watu hawana pa kwenda.

Wakaja na wazo ambalo mimi kila nikilifikiria nalipenda zaidi. Lile jukwaa la treni za kuelekea kusini hawakulipanua kabisa. Walichimba handaki jipya pembeni yake, kama mita 570 hivi, lenye jukwaa jipya pana, na wakati wanachimba treni ziliendelea kutumia handaki la zamani kama hakuna kitu. Jipya lilipokuwa tayari wakahamisha reli. Alafu lile bomba la zamani wakang'oa reli, wakajaza sakafu ikalingana, likawa njia ya waenda kwa miguu. Yani pale ambapo treni ilipita zaidi ya miaka 100, leo watu wanatembea na mabegi yao. Hawakuongeza jukwaa tu, wamepata na ukumbi mzima katikati bila kugusa jukwaa la upande wa kaskazini.

Kazi ilianza 2016, ikaisha 2023, gharama kama pauni milioni 700, mkandarasi Dragados wa Hispania. Uwezo wa stesheni umeongezeka kwa asilimia 40. Ngazi mpya za umeme 12, lifti 2, na njia mbili za kutembea zenyewe, zile unasimama inakupeleka, kati ya Northern na Central.

Nipumzike kidogo, nikirudi ntaelezea walivyochimba. Maswali karibuni.

pwani_mpaka_bara

Naweka mkeka hapa. Lakini ndugu yangu nikuulize, si wangefunga tu mwaka mmoja wakachimba kwa raha wakamaliza? Miaka saba ni mingi bwana. Hapa Mombasa barabara ikichimbwa miezi sita tunalia.

Inj_Mstaafu

Uzi mzuri kijana, endelea. Mimi ntakuja na kisa cha stesheni ya Westminster baadae, nilikuwa nasoma huko miaka ya 90 na nilikishuhudia.

mzee_wa_shifti

Mzee shikamoo, tunakusubiri.

@pwani_mpaka_bara swali lako ndo roho ya uzi wenyewe. Hata wangefunga yote, bado mwaka usingetosha. Kilichokula miaka ni kuchimba kwenyewe, kupata pa kutolea udongo, kukagua majengo ya juu, na hivyo vyote vinakwenda kwa mwendo uleule treni ziwepo zisiwepo. Kwahiyo ungewatesa watu miaka na bado ungesubiri. Cha muhimu ni kujua kazi ipi lazima treni isimame, na ipi inaweza kufanyika nyuma ya ukuta mtu asijue. Ukishazitenganisha hizo mbili utashangaa ile ya kwanza ilivyo ndogo.

Angalia walivyoingia. Hawakuteremsha mashine kupitia stesheni, abiria wangepita wapi? Walitafuta sehemu mbili juu. Moja ni kiwanja kizima kati ya King William Street na Cannon Street, majengo yakavunjwa, hapo ndo kuna lango jipya la stesheni leo. Ya pili ni shimo walilochimba katikati ya barabara ndogo inaitwa Arthur Street. Na hapo Arthur Street kuna kitu kitamu sana, maana chini yake yamelala mahandaki ya stesheni iliyokufa, King William Street, ilifunguliwa 1890 ikafungwa 1900, mwaka uleule treni zilipohamia njia mpya ya kupitia Bank. Yamekaa gizani miaka yote hiyo, wakati wa vita kuu ya pili watu walijificha humo mabomu yakianguka na mabango ya enzi hizo yakabaki ukutani. Sasa wachimbaji wakayatumia tena kupitishia kazi zao. Handaki la babu likamsaidia mjukuu kuzaliwa, mimi hilo lilinigusa.

Pale udongo ni ule mfinyanzi mgumu wa London, unakatika vizuri na hauvuji sana. Hawakutumia ile mashine kubwa ya duara. Walichimba kwa eskaveta ndogo, hatua kama mita moja, wanapulizia zege ukutani papohapo kwa bomba la presha linashika, wanasogea tena. Mahali pa kubana kabisa wanachimba kwa mkono, wanashikilia kwa mbao kama wachimba madini wa zamani. Kuna sehemu nguzo za msingi za majengo ya juu zilikuwa zimeshuka mpaka zikakatiza njia ya handaki, ikabidi wazikate na mzigo uhamishiwe kwingine, na huko juu watu wapo ofisini wanachapa kazi kwenye kompyuta zao.

Na majengo ya juu sio ya mchezo. Yaliyolindwa kisheria peke yake ni 31, ikiwemo Mansion House anapokaa meya wa City, yani hiyo sehemu ya mabenki. Kwenye kuta waligundisha vioo vidogo, na kamera za upimaji zinavisoma usiku na mchana kuona kama jengo limeshuka hata milimita. Mimi nilikuwa naviona vile vioo vinang'aa nikitoka shifti alfajiri, nikawa nawaonyesha wenzangu, wengine walidhani ni mapambo.

mama_neema_SE

Kaka nimesoma yote, umeandika vizuri ila na mimi niseme yangu maana naona unasifia sana. Mwaka 2022 waliifunga Northern pale, hukutaja. Mimi nakaa kusini, nafanya usafi Moorgate naingia saa moja kasoro asubuhi. Ile miezi minne niliamka saa tisa na nusu usiku ili niwahi basi, baridi ya januari, mtoto namwacha kwa jirani amelala. Mwenye ofisi alikuwa anafanya kazi nyumbani kwa kompyuta, sisi wa kusafisha hatufanyii nyumbani. Kwahiyo ukisema ilijengwa bila kufungwa mimi naona haijakaa sawa.

mzee_wa_shifti

Dada pole sana, na umenisahihisha vizuri, nilikuwa nakuja huko ila nilitakiwa kuanza nako.

Ni kweli. Tarehe 15 januari 2022 mpaka 15 mei 2022, wiki 17, Northern ilikatwa kati ya Moorgate na Kennington. Stesheni haikufungwa, Central iliendelea kupita, lakini kwa mtu wa kusini kama wewe hiyo haikusaidii. Waliweka basi la muda namba 733 kutoka Oval mpaka Moorgate, na treni zaidi kwenye tawi jingine la Northern, linalopita Charing Cross. Ila basi la London asubuhi sio treni, hilo halina ubishi, na waliolipa gharama ya zile wiki ni wengi wa aina yako ambao bosi wao hajui hata walipita wapi.

Ngoja nieleze kwanini hiyo sehemu haikukwepeka, sio kwamba nawatetea. Ukishakuwa na handaki jipya na la zamani, huko mwisho mwa pande zote mbili lazima yaungane. Kwenye maungio ndo unavunja ukuta wa bomba ambalo treni inapita, unang'oa reli, unaweka reli mpya, umeme, mawasiliano, taa za ishara. Usiku treni zikilala una muda gani? Ya mwisho inapita kama saa sita na nusu, ya kwanza inaanza kama saa kumi na moja na nusu. Toa muda wa kukata umeme na kuhakikisha umekatika kweli, kuingiza vifaa, kuvitoa vyote mpaka bisibisi ya mwisho, kukagua njia, unabakiwa na masaa matatu hivi ya kazi. Kuvunja maungio kwa masaa matatu matatu ungechukua miaka, na kila asubuhi unarudisha treni ipite kwenye ukuta uliouvunja nusu. Nani atalala usingizi?

Njia nyingine ni kufunga kila wikiendi. Hiyo mimi ndo naipinga kabisa, maana mtu hawezi kupanga maisha, leo ipo kesho haipo, na wanaofanya kazi jumamosi na jumapili ni haohao mama Neema. Bora uniambie mapema, kuanzia tarehe fulani mpaka fulani hakuna, nijue moja. Na waliirudisha tarehe 16 mei kama walivyosema.

mama_neema_SE

Hapo kwenye kusema ukweli mapema nakubaliana na wewe, tangazo lilikuwepo mapema na wafanyakazi wa stesheni walikuwa wanatuelekeza vizuri. Nilichotaka mtu aandike ni kwamba sisi tulilipa. Umeandika, ahsante.

fundi_wa_uyole

Aisee huu uzi mtamu. Swali la fundi kwa fundi, zege bichi karibu na treni inayotembea, halijawahi kuwaharibikia? Maana pampu ya zege ikipata pa kutokea haikuulizi.

mzee_wa_shifti

Hahaha fundi umeuliza kama ulikuwepo. Bank sijui, ila stesheni ya Victoria iliwahi kutokea, na hii wenye kujua zege watafurahi.

Victoria nayo iliongezewa mahandaki na lango jipya, kazi ikaisha 2018, nayo pauni milioni 700. Tarehe 23 januari 2014 wakandarasi walikuwa wanajaza zege jepesi kwenye uwazi karibu na ngazi za umeme, kumbe uwazi una njia ya kwenda kwenye chumba cha mitambo ya ishara za treni. Zege likaingia humo likafunika mitambo. Laini ya Victoria ikasimama kati ya Warren Street na Brixton mchana mzima mpaka usiku. Sasa unajua walifanya nini? Wakakimbilia madukani wakanunua mifuko ya sukari, wakaimwaga kwenye zege lisigande ili waweze kulichota kabla halijawa jiwe. Kesho yake asubuhi treni zikapita.

fundi_wa_uyole

SUKARI!! Jamani mnaona. Site yetu ya kwanza mzee mmoja alikuwa anatukataza kabisa kuweka kikombe cha chai karibu na mchanganyiko, tukadhani ni imani zake tu. Sukari inaidumaza simenti haishiki. Leo nimepata ushahidi kutoka London.

Inj_Mstaafu

Nimerudi. Kijana ameeleza vizuri, mimi naongeza cha Westminster maana bila hicho uzi haujakamilika.

Miaka ya 90 walikuwa wanajenga laini ya Jubilee kupita pale chini ya bunge lao. Stesheni ya zamani ya District na Circle ipo karibu na uso wa ardhi, treni zinapita kila dakika chache, na wao wanataka chini yake sanduku la zege la kina cha mita 39. Alafu juu yake kuna jengo jipya la ofisi za wabunge, Portcullis House. Shida ni kwamba reli za zamani zilikuwa juu kidogo kuliko michoro mipya ilivyotaka. Kidogo kiasi gani? Milimita 300. Futi moja. Sasa mtashushaje reli futi moja wakati treni lazima zipite kesho asubuhi?

Jibu ni kwamba walishusha kidogo kidogo. Usiku treni zikilala wanashusha kipande kidogo, wanafunga, wanakagua, asubuhi treni inapita. Usiku mwingine tena. Abiria aliyepita kila siku hakujua kwamba anazama. Mimi nilikuwa mwanafunzi, mwalimu wetu alitupeleka kuona, na nakumbuka nilitoka pale nikiwa nimebadilika kabisa, maana nilizoea kufikiri uhandisi ni kujenga kikubwa, kumbe kuna uhandisi wa kusogeza kidogo bila kumuamsha mtu.

Na mnara wa Big Ben uko hatua chache tu kutoka kwenye lile shimo. Mnara ulikuwa unaegemea taratibu wakichimba, kwahiyo waliingiza mabomba chini ya msingi wake, wakawa wanasukuma majimaji ya simenti kwenye udongo kila ukitaka kulala, wanausimamisha. Profesa John Burland ndiye alikuwa anausimamia, huyohuyo alikuwa pia kwenye kamati iliyouokoa mnara wa Pisa.

mzee_wa_shifti

Mzee umefunga kazi. Hicho cha kusogeza kidogo bila kumuamsha mtu, ntakitumia.

Na mimi niongeze kimoja cha aina hiyo, Tottenham Court Road. Wakati wa kuchimba laini ya Elizabeth ile mashine kubwa ya mahandaki ilitakiwa kupita juu ya handaki la Northern, chini ya ngazi za umeme, nafasi iliyobaki kati yake na handaki haifiki hata mita moja, na treni za Northern huko chini zinaendelea kupita na abiria wanasoma magazeti. Wachimbaji wakapaita tundu la sindano. Pale pia walifanya lile la kuruka stesheni, hili ni la kujifunza. Badala ya kukata laini nzima, treni inapita bila kusimama. Northern ilipita bila kusimama tangu aprili mpaka novemba 2011, na Central karibu mwaka mzima wa 2015. Abiria wa pale anashuka stesheni ya jirani anatembea dakika kumi, ila aliyetoka mbali kwenda mbali hajui kitu. Unaona? Kuna kufunga laini na kuna kufunga jukwaa, na madhara yake ni tofauti kabisa. Pale Bank kwenye maungio haikuwezekana kwa sababu reli yenyewe ndo iliyokuwa inahamishwa.

Huko Tottenham Court Road kuna michoro ya vigae ya Eduardo Paolozzi ukutani tangu 1984, iliokolewa karibu yote, na matao yaliyoshindwa kubaki yakapelekwa chuo kikuu cha Edinburgh. Watu walipiga kelele ndo ikaokolewa. Mambo ya kupiga kelele yanasaidia, hata kwenye stesheni.

pwani_mpaka_bara

Sasa nimeelewa, nafuta swali langu la mwanzo. Lakini kuna moja limebaki. Ukiwa unajenga ndani na watu wapo, je moto? Kijia kimezibwa na mbao, watu elfu, moshi ukitokea watakimbilia wapi?

mzee_wa_shifti

Swali zito hilo ndugu yangu. Waingereza hilo walijifunza kwa machozi. Novemba 18, 1987, King's Cross, moto ulianza chini ya ngazi za umeme za mbao, dakika chache ukalipuka ukumbi wa tiketi, watu 31 wakafa. Baada ya hapo mbao kwenye ngazi zikaondolewa, sigara marufuku, na sheria za moto za stesheni za chini zikatungwa upya 1989.

Kwahiyo leo huwezi kuamka ukaziba kijia kwa sababu fundi anataka pa kuweka ndoo. Kila unapoziba lazima uonyeshe kwenye mahesabu kwamba waliobaki ndani wanaweza kutoka kwa njia zilizobaki kwa muda unaotakiwa. Ndo maana mpangilio wa kazi ulikuwa kama mchezo wa bao, hutoi kete hapa mpaka ujue inaangukia wapi. Unafungua kipya kwanza, ndo unaziba cha zamani. Kila nilipokuwa naona uzio umehama Bank, nilikuwa najua kuna njia mpya imefunguliwa mahali, natafuta iko wapi. Mei 2022 jukwaa jipya la kusini, oktoba 2022 zile ngazi na njia ya kutembea yenyewe ya kwenda Central, februari 27, 2023 lango la Cannon Street. Kipande kwa kipande.

Hilo tu ndo ningependa wa kwetu tulichukue. Mwendokasi pale Dar tumejenga magari yakipita, tunaweza, uwezo upo. Ila mara nyingi tunaziba kwanza alafu ndo tunatafuta watu watapita wapi.

bint_wa_msasani

Mimi sio injinia ila uzi umenishika mpaka ugali umeungua. Naomba kujua, baada ya yote hayo, mtu wa kawaida ameona tofauti gani? Maana asilimia 40 ni namba tu.

mzee_wa_shifti

Dada pole na ugali. Ntakujibu kwa mama yangu mdogo.

Mama mdogo alikuja kututembelea 2017, goti la kulia ni bovu, alianguka shambani zamani. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Northern kupitia Bank na wakati ule hapakuwa na lifti ya kukufikisha majukwaa ya Northern. Nilimshika mkono ngazi baada ya ngazi, watu wana haraka wanatupita pande zote mbili, alikuwa anasema samahani, samahani, kwa Kiswahili, kila mtu anayetupita. Tulipofika juu akakaa kwenye ukingo wa ukuta akasema mwanangu mimi sirudi humo chini. Na hakurudi, siku zilizobaki tulipanda mabasi.

Amekuja tena 2023, kiangazi. Sikumwambia tunapita wapi. Tukaingia lango la Cannon Street, lifti, tukashuka, mlango ukafunguka tupo usawa wa Northern. Akaniuliza hapa ni wapi? Nikamwambia ni palepale mama. Hakuamini. Nikampeleka kwenye ile njia ya bomba la zamani, nikamwambia unapokanyaga hapa treni ilikuwa inapita, akasimama akaangalia chini viatu vyake, akaangalia na lile dari la duara, akasema kumbe ndo walikuwa wanafanya hivi siku zote zile.

Ila niwe mkweli, kazi haijaisha. Central pale Bank hadi leo haina lifti ya kukufikisha kwenye jukwaa, kwa sababu ya ule upinde na ufinyu. Waterloo & City wameipata, kupitia lango la Walbrook lililofunguliwa 2018. Central bado. Mtu wa kiti cha magurudumu anayetaka Central lazima azunguke stesheni nyingine. Milioni 700 zimetumika na huyo mtu bado yupo nje. Hilo linaniuma.

Inj_Mstaafu

Na usisahau kanisa kijana. Wanaodhani kujenga chini bila kusumbua juu kumeanza juzi waambie habari za St Mary Woolnoth.

mzee_wa_shifti

Mzee asante, nilikuwa naliweka mwisho.

Pale juu ya Bank kuna kanisa, St Mary Woolnoth, alilichora Nicholas Hawksmoor, likaisha 1727. Miaka ya 1890 kampuni ya ile reli ambayo leo ni Northern ilitaka kulibomoa ijenge stesheni. Waumini na wakazi wakakataa. Mwisho kampuni ikauziwa chumba cha chini ya kanisa, makaburi yakahamishwa kwa heshima, kanisa zima likabebwa na vyuma, na chini yake kabisa wakajenga ukumbi wa tiketi na mashimo ya lifti. Inasemwa hata plasta haikupasuka. Mwaka 1900 hiyo wakuu, na kanisa lipo mpaka leo, mimi huwa naingia kukaa dakika kumi nikitoka kazini, kumekaa kimya na chini ya miguu unasikia mtetemo wa treni kwa mbali.

Na aliyefanya hayo mahandaki ya kwanza yawezekane, James Henry Greathead, alizaliwa Grahamstown, Afrika Kusini, mwaka 1844. Ile ngao yake ya chuma ndo ilimlinda mchimbaji udongo usimwangukie wakati ukuta unafungwa nyuma yake. Sanamu yake ipo Cornhill, imewekwa 1994, amevaa kofia anasoma mchoro.

mama_neema_SE

Kumbe yule mzee wa kofia! Mimi hupita pale kila asubuhi, nikadhani ni tajiri wa benki.

mzee_wa_shifti

Sio wa benki dada, ni fundi. Na kesho ukipita angalia ile nguzo aliyosimamia, ina matundu. Ni bomba la hewa la stesheni, hewa wanayovuta waliopo chini inapitia miguuni kwake.

mama_neema_SE

Kesho nasimama pale.